Seva Kwenye Rafu ya Mayai

Kabla hujampa mtu seva yako akuwekee, mtembelee siku ambayo stima imepotea. Usiende Jumatatu asubuhi akiwa amevaa tai na amekuandalia chai. Nenda giza likiwa limefunika mtaa mzima, ubishe hodi, uone anakuja mlangoni na nini mkononi. Akija na mshumaa, mwambie ulikuwa unapita tu ukaona umsalimie, kisha urudi kwako.

Nawaambia haya nyinyi vijana kwa sababu nasikia seva zenu siku hizi ziko kwenye wingu. Sina ugomvi na wingu. Lakini yangu ilikuwa ya kushikika, ya chuma, nzito kama gunia la viazi, na nilizunguka nayo Eastlands ya Nairobi nikiitafutia mahali pa kulala kama mtu anayemtafutia shule mtoto mtundu.

Naitwa Jerusa. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya simu, nikaacha, na miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni tukafungua posta ya barua pepe huko Buruburu, mimi na fundi mmoja aliyeitwa Kamau. Mimi nilijua waya na watu. Kamau alijua mashine, na watu aliwavumilia. Wateja wetu walikuwa wazazi wenye watoto ng'ambo, wafanyabiashara wadogo, makanisa, na mzee mmoja aliyemwandikia kaka yake aliye Kanada kila wiki kumkumbusha kwamba bado hajamsamehe. Walituletea maneno yao kwenye karatasi, au wakaipigia mashine yetu kwa modemu kutoka ofisini kwao. Mashine ilizikusanya barua, na mara kadhaa kwa siku ikapiga simu kwa mashine kubwa iliyokuwa mjini, ikazituma na kupokea zilizokuja. Kwa hiyo ilitakiwa kukaa macho saa zote. Ikisinzia, barua za mitaa minne zinasinzia nayo.

Mwanzoni ilikaa sebuleni kwangu, na ingekaa hapo miaka kama mama yangu hangekuja kutoka Kakamega kutibiwa goti.

Mama aliamini kwamba kitu kisichofunikwa sebuleni kiko uchi. Viti vilikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na viwili, na chupa ya chai ilikuwa na chake chenye marinda. Alipoona mashine ya chuma imekaa peke yake kwenye kona bila chochote, alishona usiku na mchana, na siku ya tatu ikavishwa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi na maneno "Karibu Mgeni". Kitambaa kilifunika matundu yote ya kupitishia hewa. Mashine ikapata joto, ikazima.

Kamau alikuja, akakitoa, akakikunja vizuri, akaniomba nimweleze mama. Nilimweleza. Mama akasema ameelewa, mashine inasikia joto, kwa hiyo akaishonea chepesi zaidi. Kamau akatoa na hicho. Cha tatu kilikuwa na lastiki chini ili kisitoke kwa urahisi. Wale wawili hawakuwahi kutupiana neno baya. Kamau alikuwa akiingia, anamwamkia kwa heshima zote, anaivua mashine nguo, anaondoka. Na mama, akishasikia lango limefungwa, anaivisha tena. Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta imezima kabisa na barua zote zimekwama ndani.

"Jerusa," Kamau aliniambia akiwa amepiga magoti mbele ya mashine, "hapa lazima mmoja ahame."

Nikamwambia mama bado ana goti. Basi ikawa mashine.

Wazee wetu walikuwa na mtindo wa kumpa rafiki wa mbali ng'ombe awafugie. Ng'ombe wako, malisho yake. Kupangishia seva ni jambo lilo hilo: mashine ni yako, lakini chumba, stima, laini ya simu, baridi na kufuli ni vya mwenye nyumba. Nawe, kama mwenye ng'ombe, unaamka asubuhi hujui kama amekula.

Tulianza na kampuni moja mjini, ambayo sitaitaja na ambayo haipo tena. Kijana mmoja nadhifu alitupokea, akatuomba tuvue viatu, akatuingiza kwenye chumba chenye sakafu iliyoinuliwa juu ya sakafu, nyaya zote zikipita chini. Kamau aliitazama ile sakafu kama mtu anayetazama mchumba. Aliinama akaigongagonga kwa kidole, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo. Mimi nikaomba kuona jenereta. Kijana akasema ipo. Nikasema sina shaka ipo, naomba kuiona. Akatupeleka nyuma ya jengo, na kweli ilikuwepo, mpya, inang'aa, na juu yake wameanika matambara ya kupigia deki. Nikamwomba aiwashe kidogo. Akasema mwenye ufunguo amekwenda likizo kwao Meru.

Tukarudi ndani, akaendelea kutueleza jinsi chumba chao kisivyozimika, na katikati ya maelezo hayo stima ikapotea. Sikuweza kuona hata pua yangu. Feni zilinyamaza moja baada ya nyingine, na yule kijana, nampa pongezi zangu mpaka leo, hakukatiza sentensi yake. "Kama mnavyoona," akasema gizani, "hali hapa ni tulivu sana."

Tukapapasa viatu vyetu tukaondoka. Kamau alivaa kimoja changu.

Baadaye tulijaribu bucha moja kule Umoja, kwa sababu Kamau alisema adui wa mashine ni joto na bucha ina chumba cha baridi. Ni kweli kilikuwa na baridi. Kile ambacho hatukuuliza ni kwamba mwenye bucha huzima baridi nyama ikiisha na kuiwasha nyama ikija. Kila ilipozimwa, mashine ilitoka jasho. Matone yalikuwa yakitiririka kwenye chuma chake kama chupa ya soda. Na barua tulizochapia pale zilinuka mbuzi, mpaka mama mmoja aliyeletewa ya mwanawe kutoka Uingereza akauliza kama kijana anakula vizuri huko, akajijibu mwenyewe kwamba anakula. Tukaihamisha kabla haijaota kutu.

Basi hapo ndipo nilipoacha kutafuta kampuni nikaanza kutafuta kelele. Sikilizeni hili, maana linafaa hata leo. Jioni moja, mara tu baada ya giza kuingia, stima ilipotea Buruburu, Umoja, mtaa wa Tena, kote. Watu wakatoka nje kulalamika kama kawaida. Mimi nilipanda juu ya paa, penye kamba za nguo, nikatega sikio. Mbali, upande wa Tena, jenereta moja ilikuwa inanguruma. Ilianza kabla watu hawajamaliza kulalamika. Nikashuka, nikachukua sweta, nikaifuata ile sauti kwa miguu mpaka kwenye lango la mabati.

Aliyefungua alikuwa mama mwenye gamubuti na koti jeupe, tochi mdomoni, mikono yote miwili imeshika trei za mayai. Alinitazama, akatikisa kichwa kwamba ningoje, akaenda kusoma kipimajoto, akarudi, ndipo akaitoa tochi akanisalimia. Huyo ndiye Mama Nekesa. Alikuwa na mashine za kuangulia mayai na akiuza vifaranga wa siku moja kwa wafugaji wa Eastlands yote. Nikamuuliza jenereta yake inachelewa muda gani stima ikipotea. Akanijibu kwamba mayai yakiwa ndani ya mashine hayasikii sababu za mtu.

Mwenye nyumba wa seva anayekuahidi kwamba ataijali mashine yako anakudanganya, hata kama ana moyo mzuri. Mashine si yake. Lakini Mama Nekesa alikuwa na mayai yake mwenyewe, ya kumlisha yeye na mumewe, na stima ikikosekana kidogo tu yanaharibika yote. Sikuhitaji anipende. Nilihitaji niunganishe waya wangu na mahali ambapo hofu yake ilikuwa.

Isitoshe, alikuwa na stoo. Mayai yanayongoja zamu ya kuingia kwenye mashine huwekwa mahali penye ubaridi wa wastani, usiopanda wala kushuka, kwa sababu yakipata joto yanaanza kukua kabla ya wakati. Stoo ilikuwa na kiyoyozi, rafu, kufuli mbili, na laini ya simu ya kupokea oda za vifaranga. Laini nyingine niliiombea mimi, nikijua ni meza gani ombi hulala na ni meza gani huamka.

Mama Nekesa alikuwa na maswali kabla ya kutukubali. Aliuliza kama mashine inakunywa maji. Aliuliza kama inatoa harufu, kama inapiga kelele za ghafla, na kama imekuwa karibu na kuku wagonjwa. Nikamwambia imekuwa karibu na mbuzi, lakini waliokufa. Hilo halikumfurahisha. Akaamuru ipanguswe yote kwa dawa ya kuua viini na ikae kwenye kibaraza siku kadhaa, peke yake, kabla ya kuingia. Kamau alisimama hapo akimtazama mama mwenye gamubuti akiipaka dawa mashine aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaambiwa kwamba kila anayeingia lazima akanyage kwenye karai la dawa. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi laini alivyonunua kwa ajili ya harusi ya dada yake. Alikanyaga. Kuanzia siku hiyo viatu vile vilikuwa vya rangi mbili.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Seva ililala chali kwenye rafu ya chini, trei za mayai juu yake na kando yake, betri ndogo sakafuni ya kuishikilia mpaka jenereta ingurume, haisikii joto, haitoki jasho, haivai kitambaa. Stima ilipotea mara ngapi sijui; wateja hawakujua kabisa. Yule mzee aliendelea kutomsamehe kaka yake kila wiki bila kukosa.

Halafu ikaanza kuzima.

Haikuzima hovyo. Ilizima asubuhi na ikazima jioni. Ilikuwa inakatika, inajiwasha yenyewe, na kwa kuwa ilizimika vibaya ilianza kujikagua diski nzima kabla ya kumpokea mtu, kazi iliyochukua muda mrefu. Modemu nazo zilibaki zimeduwaa. Barua za asubuhi zikawa zinaenda mchana, za jioni zikawa zinaenda kesho. Kamau akabadilisha waya wa stima. Akabadilisha modemu. Akasema ni laini. Nikapima laini, nikamwambia hata mimi nikifa laini hiyo itabaki nzima. Tukanuniana.

Na wakati huo ndipo Mwalimu Agala alipokuwa na shida yake. Mwalimu Agala alifundisha kwaya ya kanisa moja pale Tena, na kanisa fulani la ng'ambo lilikuwa limewaalika wakaimbe. Alishatangaza madhabahuni. Wanakwaya walishashona sare. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa amewaaga majirani mara mbili. Kilichobaki ni kutuma majina na kupata jibu la mwisho, na wale wenyeji wa ng'ambo walikuwa wameandika kwa upole kwamba wasiposikia kitu kufikia Ijumaa watawapa nafasi hiyo kwaya nyingine. Mwalimu alikuwa amejibu. Jibu lake lilikuwa limekwama kwetu, likirudi nyuma kila mashine ilipokatika katikati ya kutuma, kwa sababu lilikuwa na picha za wanakwaya wote na picha wakati huo zilipita kwenye simu kama ng'ombe anayepita kwenye dirisha.

Alikuja mezani kwetu Jumatano. Hakugomba. Aliketi, akaweka kofia kwenye goti, akasema kwamba akikosa safari hii hataweza kuendelea kuishi Tena, itabidi ahamie mtaa wa Fedha, na Fedha hana anayemjua. Kamau akaniambia pembeni kwamba kesho yake anaipeleka seva kwenye ile sakafu mjini, nikubali nisikubali. Nikamwomba asubuhi moja tu.

Kulipopambazuka nilikanyaga karai, nikaingia stoo na kigoda na sweta mbili, nikaketi kwenye kona nyuma ya mlango. Seva ilikuwa inanguruma vizuri. Taa zake zilikuwa zinapepesa. Nikangoja.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Wanyonyi, mume wa Mama Nekesa, mstaafu wa reli, mtu aliyefanya kazi ya kuongoza ishara za treni mpaka akaota mvi, na ambaye hakuwahi katika maisha yake kupewa amri akaifanya nusu. Alinawa mikono. Akaanza wimbo wa kanisani, polepole, na huku anaimba akashika trei ya kwanza, akaiinamisha upande wa pili. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Alimaliza rafu ya juu, akamaliza ya kati, akaja ya chini. Akafika kwenye seva. Akaikumbatia kwa mikono miwili, taratibu, jinsi unavyomnyanyua mtoto aliyelala, akaigeuza ikalalia upande mwingine. Waya wa stima ukachomoka mgongoni mwake. Akauokota, akauchomeka palepale ulipokuwa, akaipigapiga mgongoni, akaendelea na wimbo.

"Mzee," nikasema.

Hakushtuka. Alinisalimia, akaniuliza kama sihisi baridi. Nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia anageuza. Mayai yakikaa stoo muda mrefu, alinieleza, yasipogeuzwa kiini kinaganda upande mmoja kwenye ganda, na hapo huna kifaranga. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Mwezi uliopita mkewe alimkabidhi, akamwambia kila kitu kilicho kwenye rafu kigeuzwe asubuhi na jioni.

"Lakini hii si yai, Mzee."

"Nilijua si la kuku," akasema. "Lakini lina joto, na ndani kuna kitu kinakwaruza. Nimekuwa nikitaka kukuuliza litaanguliwa lini, maana naona siku zimepita."

Sasa, wanangu, mimi nimefanya kazi na watu wengi, na mpaka leo sijui kama mzee yule alikuwa ananitania. Uso wake haukuonyesha chochote. Miaka yote niliyomjua haukuwahi kuonyesha.

Tulimpelekea Mama Nekesa kesi. Nilidhani ataibadilisha amri. Alisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua mayai yaliyopasuka, akasema amri ni nzuri na mzee ameifuata vizuri. Kosa ni la kitu kukaa kwenye rafu wakati si yai. Akavuta kigoda changu, akakiweka kwenye kona. Tukaihamishia seva juu ya kigoda. Hivyo ndivyo tatizo lililotumaliza akili mwezi mzima lilivyokwisha.

Jibu la Mwalimu Agala lilianza kutoka siku hiyohiyo alasiri. Picha zilikuwa zinapita moja moja. Zikiwa katikati, stima ya mtaa ikapotea, na nikamwona Kamau anafumba macho. Jenereta ikanguruma kabla hajayafumbua. Betri ndogo iliyokuwa chini ya kigoda ilishikilia hapo katikati, na picha ya mama wa sauti ya kwanza, sare mpya na tabasamu lote, ikapita salama.

Ijumaa asubuhi mwalimu alikataa kungoja Buruburu. Alikuja Tena mwenyewe, na kwaya yote nyuma yake. Mama Nekesa akasema wataingia, lakini kila mmoja kupitia karai. Wakapanga foleni langoni wakikanyaga dawa mmoja mmoja, wale wa sauti nzito mwisho. Stoo haikuwatosha, kwa hiyo alibaki mwalimu ndani na wengine dirishani. Modemu ikalia, ikakwaruza, ikanyamaza. Kamau akaisoma barua kimyakimya kwanza, jambo ambalo kwaya haijamsamehe, halafu akaisoma kwa sauti. Karibuni sana, waliandika, vyumba viko tayari, mje na nguo za baridi.

Waliimba palepale uani, sauti zote nne, mpaka majirani wakatoka. Mama Nekesa aliwaacha wamalize ubeti mmoja, kisha akawafukuza, kwa sababu siku hiyo mayai yalikuwa yanapasuka na vifaranga hawafai kuzaliwa katikati ya kelele. Wakaondoka kwa vidole vya miguu.

Seva ilikaa kwenye kigoda kile miaka. Kamau aliacha kuizungumzia ile sakafu. Lakini kama wiki mbili baada ya hapo Mzee Wanyonyi alinifuata langoni, akaangalia huku na huku kuhakikisha mkewe hayupo karibu, akaniambia amekuwa akifikiri. Ile mashine yetu, alisema, sasa imekaa muda mrefu upande mmoja. Yeye si fundi. Lakini alikuwa ameigeuza mwezi mzima na haikupata madhara, na kwake haikuwa vizuri kuona kitu chenye joto kimeachwa hivyo. Kama haitakuwa usumbufu, je, angeweza kuigeuza hata mara moja kwa wiki?

Nilimwambia Kamau nikitegemea acheke. Hakucheka. Alikwenda akachapa tangazo kwa wateja wote, nami naweza kulisema mpaka leo: kila Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, seva itafungwa kwa muda mfupi kwa ajili ya ukaguzi wa kiufundi. Wateja walifurahi. Walisema sasa tumekuwa kampuni ya kweli.

Na kila Jumapili Kamau alikuwa akifika Tena pamoja nami, amevaa viatu vyake vya rangi mbili, anakanyaga karai, anaifunga seva taratibu ipasavyo, anachomoa waya. Mzee Wanyonyi alikuwa ameshanawa. Alikuwa anaikumbatia, anaigeuza, anaishusha bila sauti. Kamau anaiwasha. Kisha mzee anainama, anaweka sikio kwenye chuma, anasikiliza kwa makini, anainuka na kutikisa kichwa.

"Bado," alikuwa akituambia, na wote watatu tunatoka kwenda kanisani.